MWALIMU NYERERE, USKOTI NA TAMTHILIYA: UCHAMBUZI SIO DESA

Leo tuweke pembeni bei ya kakao na habari za barabara, tumuongelee Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Najua kuna mtu atasema ah, Mwalimu tena? Tushamsoma toka darasa la tatu! Subiri kwanza ndugu yangu. Simuongelei yule wa kwenye noti ya elfu moja. Namuongelea kijana aliyepelekwa Uskoti kusoma, akarudi na shahada, na hata alipokuwa na nchi nzima mabegani akawa anakaa usiku na Shakespeare na kalamu.

Kwa nini leo? Kwa sababu kila mwaka vijana wetu wanakaa kwenye mtihani wa Kiswahili, wanakutana na swali la tamthiliya, wanamwaga desa. Dhamira tatu, wahusika wawili, ujumbe, falsafa, kwisha. Ukimuuliza huo mchezo wenyewe unagombania nini, anakuangalia tu. Basi tusome maisha ya mtu aliyeuchambua mchezo wa kuigiza mpaka kwenye jina la kitabu.

KIJANA WA BUTIAMA

Kambarage alizaliwa Butiama, karibu na Musoma, mwaka 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, na mama yake aliitwa Mgaya. Usidhani alianza shule mapema kwa kuwa mtoto wa mtemi. Alianza Mwisenge mwaka 1934, akiwa na miaka 12 hivi. Kabla ya hapo ni mifugo na bao tu. Akaenda shule ya serikali Tabora mwaka 1937, kisha Makerere, Uganda, mwaka 1943. Mwishoni mwa mwaka huohuo akabatizwa, ndipo akapata jina la Julius. Hilo jina lishikeni, tutalihitaji mbele.

Pale Makerere alikuwa anasomea ualimu, lakini alishakuwa mtu wa insha. Mwaka 1944 aliandika insha ndefu kuhusu uhuru wa wanawake. Alichukua mawazo ya mwanafalsafa wa Kiingereza John Stuart Mill, akayapima kwa maisha ya mwanamke wa kwao Uzanaki. Hakuyameza mawazo ya Mzungu na hakuyatupa. Aliyauliza: je, kwetu iko hivyo? Insha hiyo ilikaa miaka mingi, ikaja kutoka kama kitabu mwaka 2009 kikiitwa Uhuru wa Wanawake, miaka kumi baada ya kifo chake.

Baada ya Makerere alifundisha St. Mary's, Tabora. Mwaka 1949 akapata nafasi ya kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh.

WASKOTI TUNAWAJUA SISI

Hapa watu wa Bondeni tusimame kidogo. Uskoti kwetu sio nchi ya kwenye ramani tu. Milima ile inayosimama juu ya Matema, tunayoiona kila asubuhi, kwenye ramani inaitwa Milima ya Livingstone, na Livingstone alikuwa Mskoti. Meli ya kwanza ya mvuke kwenye ziwa letu, Ilala, ililetwa mwaka 1875 na misheni ya Waskoti ya Livingstonia. Wajerumani walipopigwa kwenye Vita ya Kwanza na wamisionari wao kuondolewa, makanisa mengi ya Unyakyusa yaliyoanzishwa na Wamoravian na Waberlin yakaangaliwa na hao hao Waskoti kutoka ng'ambo ya Songwe, mpaka katikati ya miaka ya 1920.

Na kuna kingine. Viongozi wa kwanza wa pande mbili za ziwa hili wote walipitia mji mmoja. Dr. Kamuzu Banda wa Malawi alipata cheti chake cha udaktari Edinburgh mwaka 1941, akawa hadi mzee wa kanisa kule. Mwalimu akafika mwaka 1949. Mwaka 1967 hao wawili wakaja kuvutana kuhusu mpaka wa ziwa, mmoja anasema unapita katikati ya maji, mwingine anasema unapita ufukweni kwetu. Mabishano hayo mnayajua, mpaka mwaka 2012 yaliibuka tena. Kumbe wote walikunywa chai mji mmoja!

EDINBURGH 1949 HADI 1952

Kule Mwalimu hakusoma siasa peke yake kama wengi wanavyodhani. Shahada yake ya M.A. ilikuwa mchanganyiko: fasihi ya Kiingereza, uchumi, historia, sheria ya katiba, elimu ya jamii na mila za watu, na falsafa ya maadili. Yaani asubuhi unasoma mashairi, mchana unasoma kodi na mapato. Ndiyo maana baadaye akiongelea uchumi unasikia mshairi ndani yake, na akitafsiri tamthiliya unasikia mwanauchumi.

Akiwa kule aliandika pia makala kuhusu tatizo la ubaguzi wa rangi Afrika Mashariki, iliyokuja kuingizwa kwenye kitabu chake Freedom and Unity cha mwaka 1966. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba tatizo sio watu wa rangi tofauti kukaa pamoja. Tatizo ni wachache kujipa haki ya kutawala wengi kwa sababu ya rangi. Alishiriki pia kupinga Shirikisho la Afrika ya Kati, ule mpango wa kuifunga Nyasaland pamoja na Rhodesia mbili chini ya walowezi. Mpango ulipita mwaka 1953, ukafa mwaka 1963. Nyasaland ndiyo Malawi ya leo, majirani zetu wa Karonga.

Sasa angalia mji wenyewe ulikuwa unafanya nini miaka hiyo. Tangu 1947 Edinburgh ina tamasha kubwa la sanaa kila mwaka. Mwaka 1948 wakafufua mchezo wa kale wa Sir David Lyndsay, wa miaka ya 1500, unaoitwa The Thrie Estaitis. Ukachezwa kwenye ukumbi wa mkutano mkuu wa kanisa, ukarudiwa 1949 na 1951, yaani miaka Mwalimu alipokuwa mwanafunzi pale. Mchezo wenyewe ni moto. Anatokea mtu maskini mbele ya mfalme na bunge, analalamika kwamba kabwela na padri wamemmaliza mifugo kwa ada na kodi mpaka hana kitu. Samahani, sio kabwela, ni kabaila! Kabwela ndiye huyo aliyeibiwa.

Aliyeutengeneza upya ule mchezo ni Robert Kemp. Mwaka huohuo wa 1948 jamaa alichukua mchezo wa Mfaransa Molière akautia kwenye Kiskoti, ile lugha ya mtaani na shambani ambayo watoto walichapwa shuleni kwa kuiongea. Watu wakacheka ukumbini kwa lugha ya bibi zao. Kumbe lugha iliyoitwa ya washamba inaweza kubeba mchezo mkubwa wa Ulaya bila kuvunjika mgongo.

Nyie mliovalishwa kibao shingoni kwa kuongea Kinyakyusa au Kiswahili shuleni, hapo mmeshaelewa.

Siku hizo pia Waskoti walikuwa wanadai kujitawala mambo yao wenyewe. Krismasi ya mwaka 1950 wanafunzi wanne wakaingia kanisa la Westminster, London, wakachukua jiwe la kutawazia wafalme wa Uskoti, lililokuwa limechukuliwa na Waingereza karne nyingi nyuma. Mwanafunzi kutoka Tanganyika aliyekuwa anaishi katikati ya watu hao aliona kwamba hata humo humo ndani ya Uingereza kuna wanaosema wanatawaliwa.

IKULU NA SHAKESPEARE

Alirudi mwaka 1952, akamuoa Mama Maria Januari 1953, akafundisha Pugu. TANU ikazaliwa 7 Julai 1954. Mwaka 1955 akaacha ualimu. Uhuru 9 Desemba 1961, Jamhuri 9 Desemba 1962. Haya yote mnayajua.

Ambacho wengi hawakitilii maanani ni kwamba mwaka 1963, mwaka wa kwanza wa urais wake, Oxford University Press walitoa kitabu: Julius Caezar, William Shakespeare, mfasiri Julius K. Nyerere. Julius anamtafsiri Julius. Huyu sasa ni rais wa nchi changa, shule hazitoshi, hela hakuna, naye anatafuta neno la Kiswahili linalolingana na la Brutus.

Hakulazimisha vina. Mistari mingi ya Shakespeare haina vina ila ina mapigo, naye akafuata mapigo. Kwa malenga wa Kiswahili waliozoea vina na mizani hilo lilikuwa jambo geni. Usifikiri vina vilimshinda. Mwaka 1996, akiwa ameshastaafu, alitoa Injili zote nne na Matendo ya Mitume kwa utenzi, vina na mizani mwanzo mpaka mwisho. Pale kwa Shakespeare alichagua tu.

Mwaka 1969 akaitoa tena ile tafsiri baada ya kuirekebisha, na jina likabadilika: Juliasi Kaizari. Hapo ndipo panapotofautisha mchambuzi na mtu wa desa. Kaizari ni nani? Wazee wetu waliozaliwa wakati boma la Wajerumani liko Langenburg, kwanza pale ufukweni mwa ziwa na baadaye Tukuyu, walimjua Kaizari: ni mfalme wa Wajerumani, mwenye askari na kodi na kiboko. Na neno lenyewe Kaiser limetoka kwenye Caesar. Kwa hiyo kwa kubadilisha tahajia tu, Mrumi wa zamani anakaribia uzoefu wa Mswahili. Msomaji hafikirii tena sanamu la mawe, anafikiria mtawala anayemjua babu yake.

MCHEZO ULIOMGUSA MWENYEWE

Sasa twende kwenye moyo wa habari. Julius Caesar ni mchezo kuhusu nini? Kuna kiongozi anapendwa sana na watu. Rafiki zake wanaogopa kwamba atajifanya mfalme. Brutus, mtu mwadilifu, anampenda Kaizari lakini anaipenda jamhuri zaidi, hivyo anakubali kumuua. Wanamchoma visu. Halafu Antoni anasimama, anaongea na umati, na umati uliomshangilia Brutus unageuka palepale. Wanamuua mpaka mshairi mmoja wa watu kwa sababu tu jina lake linafanana na la muuaji. Mwisho ni vita, na jamhuri yenyewe haipatikani.

Rais aliyekaa na mchezo huo aliona mambo yake mwaka mmoja tu baadaye. Tarehe 20 Januari 1964 wanajeshi wa Colito, Dar es Salaam, waliasi. Mwalimu ikabidi afichwe, na aliyekwenda kuongea na wanajeshi ni Oscar Kambona.

Kambona ni mtu wa ziwa letu. Alizaliwa Kwambe, huko Mbamba Bay, njia ileile ya meli kutoka kwetu Kyela. Alikuwa katibu mkuu wa TANU, waziri, rafiki wa Mwalimu hasa, hata Kambona alipooa London mwaka 1960 Mwalimu alikuwepo. Halafu likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Hawakuelewana tena, Kambona akaondoka nchini mwaka huohuo. Mwaka 1970 ikafunguliwa kesi ya uhaini, yeye akatajwa kama kinara akiwa uhamishoni London, akakana. Alirudi 1992 vyama vingi vilipoanza, akafariki 1997.

Angalia tarehe. Kambona anaondoka 1967, Juliasi Kaizari mpya inatoka 1969, kesi inafunguliwa 1970. Sisemi Kambona ni Brutus. Anayesema hivyo anageuza mchezo kuwa umbea. Nasema hivi: ukikisoma kitabu ukijua nchi ilikuwa wapi, unasoma kwa jicho lingine. Mwalimu alikuwa na sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi tangu 1962, na chama kimoja kisheria tangu 1965. Swali la Brutus lilikuwa linamhusu yeye: je, kiongozi mwema akishika madaraka mengi, wema wake unatosha kuwalinda watu? Alilitafsiri swali hilo yeye mwenyewe, kwa Kiswahili cha kila mtu, akaliweka mikononi mwa watoto wa shule. Mwaka 1985 akang'atuka bila mtu kumshikia kisu. Hayo mawili yote ni kweli, kizuizini na kung'atuka, na mchambuzi anayeficha moja hachambui, anapiga kampeni.

MABEPARI NI NANI?

Mwaka huohuo wa 1969 kikatoka kingine: Mabepari wa Venisi. Jina la Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja tu wa Venice. Mwalimu angeweza kuandika Mfanyabiashara, au Tajiri. Akaandika mabepari, tena kwa wingi! Na hii ni miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, neno ubepari liko redioni kila siku.

Kwenye mchezo, Antonio anakopa dukati 3000 kwa Shylock ili amsaidie rafiki yake, na dhamana ni ratili ya nyama ya mwili wake. Watu wengi wanasoma kwamba mbaya ni Shylock peke yake, Myahudi mkopeshaji. Lakini jina la Mwalimu linasukuma msomaji kuuliza: mbaya ni Shylock, au ni mji mzima unaopima mtu kwa fedha? Antonio naye ana meli na mali. Bassanio anaposa akiwa na madeni. Wote wamo kwenye mchezo wa hela. Ukiwa Ipinda, mtu ameuza mpunga ukiwa bado shambani kwa sababu mtoto anaumwa, hilo swali halihitaji desa.

Unaweza kumpinga Mwalimu hapo. Unaweza kusema ametia siasa yake kwenye kitabu cha mtu, na kwamba mateso ya Shylock kama Myahudi anayedharauliwa yanapungua ukiugeuza mchezo wote kuwa habari ya mali. Sawa kabisa! Ukisema hivyo ukaonyesha wapi, umeandika insha ya uchambuzi.

MACBETH NA NDUGU ZAKE

Ajabu moja: mtu aliyesoma Uskoti hakutafsiri mchezo wa Uskoti. Macbeth ilitafsiriwa na Samuel Mushi, ikatoka 1968 kwa jina Makbeth. Na mchezo huo maarufu kuliko yote kuhusu Uskoti uliandikwa na Mwingereza. Macbeth wa kweli alitawala kama miaka 17, na mfalme Duncan aliuawa vitani mwaka 1040, sio kitandani kama mgeni aliyelala. Ukishajua hivyo unaanza kuuliza nani anatunga historia ya nani. Ebrahim Hussein aliliuliza hilo kwetu kwa Kinjeketile yake.

Waskoti wenyewe wakaja kujisemea jukwaani. Mwaka 1973 John McGrath na kundi lake la 7:84 walizunguka vijiji vya kaskazini na mchezo wa jinsi wakulima walivyofukuzwa kwenye ardhi ili matajiri wafuge kondoo, kisha wawinde, kisha yakaja makampuni ya mafuta. Walicheza kwenye kumbi za vijiji, na mchezo ukiisha watu wanacheza dansi. Jina la kundi lina maana asilimia 7 ya watu wanamiliki asilimia 84 ya utajiri. Miaka hiyo hiyo kwetu watu walikuwa wanahamishwa kwenda vijiji vya ujamaa, wengine kwa hiari, wengi kwa nguvu. Kule aliyefukuza alitaka faida, huku serikali ilisema inataka shule, maji na zahanati karibu na watu. Lakini mzee aliyeacha migomba yake na makaburi ya wazazi, machozi yake yana tofauti gani na ya Mskoti? Hilo ni swali la insha, na linamgusa Mwalimu huyohuyo tunayemsifu.

KWA HIYO TUFANYEJE

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Mwaka huohuo Waskoti walipata tena bunge lao baada ya karibu miaka 300.

Ametuachia vitabu viwili vya tamthiliya ambavyo ukiviulizia shule nyingi utaambiwa havipo, au viko kabatini vimefungwa na ufunguo anao mwalimu aliyehama. Navyo vinafundisha kazi ambayo hakuna desa linaifanya. Chukua mchezo wowote, uwe wa Hussein, wa Penina Muhando au wa Mskoti. Kwanza uliza nani ana nguvu na nani anaitaka. Pili, tafuta neno moja ambalo mwandishi angeweza kuandika lingine, ujiulize kwa nini kachagua hilo, kama Kaizari, kama mabepari. Tatu, angalia mwaka kilipotoka na nchi ilikuwa kwenye hali gani. Nne, ulete kwenu Bondeni uone kama unasimama. Tano, tafuta mahali ambapo mwandishi anaweza kupingwa. Hapo dhamira na ujumbe vitakuja vyenyewe bila kukaririwa.

Swali la leo kwenu wadau: Brutus alifanya sawa au alikosea? Usitukane mtu, toa hoja na uonyeshe ni wapi kwenye mchezo. Wale mliosoma Juliasi Kaizari shuleni enzi hizo, kina baba na kina mama mnaopita hapa, tuambieni mlifundishwaje. Na kama kuna mwenye nakala nyumbani aikopeshe kwa vijana, sio kuifungia karanga.

Uwanja ni wenu.